Reli Juu, Mto Chini: Wasomaji Wauliza Kuhusu Madaraja na Njia za Kando ya Mto

Barua za mwezi huu zimeegemea upande mmoja: madaraja ya reli yanayovuka mito ya Nairobi, na njia za kutembelea zinazojengwa kandokando ya mito hiyo. Zilizofanana tumeziunganisha. Majibu yametoka kwa mafundi na wahandisi wetu wa safu hii.

Napanda treni ya Ruiru kila asubuhi. Daraja moja njiani likibadilishwa, tutakaa miezi mingapi tukipigania matatu?
*Abiria, Githurai*

Si miezi. Kazi iliyopangwa vizuri hufunga reli kuanzia Ijumaa saa tatu usiku hadi Jumatatu saa kumi alfajiri, yaani saa 55.

Miezi ipo, lakini inapita treni zikiendelea na safari. Daraja jipya hujengwa ubavuni mwa lile la zamani, juu ya majukwaa ya chuma ya muda. Misingi yake huchimbwa nje ya misingi ya zamani ili udongo unaobeba treni za leo usiguswe. Siku ikifika, reli hukatwa, mataruma (magogo ya kulazia reli) na kokoto huzolewa, boriti kuukuu huondolewa kwa kreni, na daraja jipya husukumwa kwa jeki mpaka mahali pake.

Kusukuma kwenyewe si mieleka kama watu wanavyodhani. Daraja la tani 200 likikalia vibao vya Teflon juu ya bati laini la chuma kisichoshika kutu, msuguano ni asilimia 5 hadi 10 ya uzito. Hivyo jeki za tani 20 zinatosha, ingawa mkandarasi mwenye akili huleta zenye uwezo maradufu, kwani mzigo uliotulia hukataa kuondoka zaidi kuliko unavyokataa kuendelea. Taabu iko kwenye unyofu. Upande mmoja ukitangulia sentimita mbili tatu, daraja linakaa mshazari na kubana kwenye njia yake ya kutelezea. Ndiyo sababu utaona mtu na rula kila upande, wakiitana kila baada ya sentimita 10, na upande uliotangulia ukisubiri mwenzake.

Saa zinaliwa kwingine. Hesabu hivi: kukata reli na kuzoa kokoto, 6, kuondoa daraja la zamani, 10, kusafisha na kusawazisha vitako vya saruji ambavyo ncha za daraja hukalia, 8, kusukuma, 4, kulishusha kwenye beringi (vikalio vya kubebea ncha zake), kumimina mota (rojo la saruji) isiyosinyaa na kuisubiri ishike, 10, kurudisha kokoto, mataruma na reli na kushindilia, 10. Jumla ni 48. Zinabaki 7 za akiba, na mara nyingi zinaliwa na vile vitako, kwa sababu ukiondoa boriti za zamani ndipo unapoona saruji iliyooza ambayo hakuna aliyeweza kuiona kabla. Mota ikiharakishwa na treni ikapita mapema, beringi inakalia unga.

Kuna saa moja ya uamuzi: kabla ya reli ya kwanza kukatwa. Kreni ikiwa na hitilafu au mvua kubwa ikiwa njiani, kazi inaahirishwa hapo hapo. Ukishakata, huna pa kurudi.

Jumatatu treni itapita kwa mwendo wa kilomita 20 hivi kwa saa. Usikasirike. Kokoto mpya hazijashikana. Zitashindiliwa tena mara mbili tatu katika wiki zinazofuata, na mwendo upandishwe kidogo kidogo.

Lile la zamani ni chuma kitupu, lina unene wa kutisha. Kwa nini lisipigwe rangi na kuchomelewa viraka?
*Fundi wa kuchomelea, Gikomba*

Wewe fundi utalielewa hili haraka. Reli ilifika Nairobi Mei 1899, na vyuma vya madaraja ya enzi zile viliungwa kwa ribiti, yaani misumari minene ya chuma iliyopondwa vichwa, si kwa kuchomelea. Chuma cha wakati ule kina salfa na fosforasi nyingi. Ukikipasha moto wa elektrodi kinakubali leo, kisha kinapasuka kando ya mshono baada ya miezi ya kutikiswa na treni. Kiraka kwenye chuma cha aina hiyo hufungwa kwa bolti za nguvu ya juu zilizokazwa kwa kipimo, na kabla ya hapo kipande kidogo hupelekwa maabara.

Unene nao unadanganya. Kutu haili daraja lote sawasawa. Inakula pale taruma linapokalia boriti, pale beringi ilipo, na kila kona yenye kinyesi cha njiwa na vumbi lenye unyevu. Bamba la milimita 12 likibaki 8 limepoteza theluthi, na rangi mpya itaificha hasara hiyo vizuri sana. Chukua nyundo ugonge ribiti: iliyo nzima inalia kama kengele, iliyolegea inatoa sauti ya kibuyu.

Kisha kuna uchovu wa chuma. Kila ekseli inayopita inakunja boriti kidogo na kuiachia. Nyufa huanzia ukingoni mwa tundu la ribiti, chini ya kichwa chake, ambako jicho halifiki. Wala si treni peke yake. Chuma cha mita 30 kikitoka nyuzi 10 za alfajiri mpaka 45 za jua la saa nane kinarefuka karibu milimita 13. Beringi ya upande mmoja imewekwa ili iruhusu mwendo huo. Ikijaa kutu na mchanga haisogei, na daraja linasukuma ukuta linaoegemea. Ukiona ufa wa wima kwenye ukuta wa mawe chini ya beringi, mara nyingi chanzo ni hicho.

Ndugu yangu yuko Connecticut, Marekani. Anasema daraja la reli la kwao Norwalk limezungumzwa miaka na mikaka. Nyinyi mnatuambia mwisho wa wiki mmoja?
*Msomaji, Buruburu*

Hayo ni madaraja mawili tofauti kabisa. Lile la Norwalk lilijengwa 1896, lina njia nne za reli zenye nyaya za umeme, na hugeuka pembeni ili vyombo vya majini vipite. Mwaka 2014 lilifunguka likakataa kufunga, mara mbili ndani ya siku chache, na safari za ukanda mzima zikakwama. Badala yake wanajenga la aina ya kuinuka juu kama lifti, treni zikipokezana kwenye njia zilizobaki. Mto Nairobi hauna meli. Kwetu daraja ni boriti zilizotulia juu ya nguzo, na kwa hilo tushukuru.

Kama daraja ni siku tatu, mbona njia ya kando ya mto hufungwa mwaka mzima? Watoto wetu wanapita hapo kwenda shule.
*Mama wa watoto wawili, Kariobangi Kusini*

Mama, kwa sababu njia hiyo ndiyo karakana. Kreni ya kuinua boriti za tani 30 au 40 haiwezi kusimama juu ya tuta la reli. Inasimama chini, kando ya mto, juu ya kokoto zilizoshindiliwa na mikeka ya mbao. Mashine ya kuchimbia nguzo za msingi inapita hapo hapo. Na juu ya yote, bomba kuu la maji taka mara nyingi limelazwa bondeni sambamba na mto, chini kabisa ya njia yenu. Lazima litafutwe, lihamishwe au lifunikwe kwa saruji kabla ya chochote kizito kupita. Mpango ukichelewa, bomba ndilo la kuulizia kwanza.

Lakini kufungwa mwaka mzima bila njia mbadala ni uvivu wa mkandarasi. Dai mambo haya yaandikwe kwenye mkataba: njia ya muda yenye upana usiopungua mita 1.8, taa, uzio mgumu kati ya watu na mashine, na paa la kinga mahali inapopita chini ya reli, kwa sababu kokoto moja ikianguka kutoka mita sita inapasua kichwa. Siku za kreni kuinua mzigo, njia hiyo ifungwe kabisa, na tangazo litoke wiki moja kabla.

Nafasi ya kudai ipo. Mradi wa namna hii hufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira chini ya sheria ya mwaka 1999, na ripoti ikitangazwa, NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, hupokea maoni ya umma kwa siku 30. Maoni yenye uzito ni yale yanayotaja kitu: «njia hii hutumiwa na wanafunzi kati ya saa kumi na mbili na saa mbili asubuhi, tunataka lango la upande wa kaskazini libaki wazi». Barua ya kulalamika kwa ujumla huishia kwenye faili.

Wanasema daraja jipya linajengwa kwa mafuriko ya miaka 100. Yale ya 2024 yameshapita. Basi tumetulia mpaka 2124?
*Mzee wa mtaa, Mathare*

Mzee, jina hilo limepotosha wengi. Maana yake ni mafuriko ambayo kila mwaka yana nafasi moja katika mia ya kutokea. Yakija mwaka huu, mwakani nafasi ni ile ile. Ukipiga hesabu ya miaka 10 inakaribia asilimia 10. Kwa miaka 30 ni asilimia 26, na kwa miaka 100 ni asilimia 63. Tena hesabu hiyo inadhani mji haubadiliki. Nairobi kila mwaka inaezeka mabati mengine na kumwaga lami nyingine, na maji yaliyokuwa yakinywewa na udongo sasa yanafika mtoni kwa dakika chache.

Kinachoua daraja la reli si maji kulifunika. Ni maji kuchimba chini yake. Mkondo ukigonga nguzo unazama na kuzunguka miguuni mwake, na kishimo kinachopatikana kinaweza kufikia kina cha mara 2.4 ya upana wa nguzo. Nguzo ya mita 1, shimo la mita 2.4. Sasa vika nguzo hiyo blanketi la mifuko ya plastiki, magodoro na matawi, kama tunavyoona kwenye mito yetu: kwa maji, imekuwa nguzo ya mita 3. Yule aliyepiga hesabu ya msingi hakuhesabu magodoro.

Ubaya wa shimo hilo ni kwamba linajifukia lenyewe. Mafuriko yakipungua, tope laini linajaa humo na mkaguzi wa kesho yake anaona sakafu ya mto iko sawa. Ndiyo maana ukaguzi baada ya mafuriko hufanywa kwa nondo ndefu inayodungwa kuzunguka nguzo. Ikizama kama kisu kwenye ugali, hapo pamechimbwa. Januari 1993 treni ya usiku kati ya Nairobi na Mombasa ilitumbukia katika Mto Ngai Ndethya baada ya mafuriko kulibomoa daraja, na watu zaidi ya 100 wakafa.

Tuta nalo lina hatari yake. Aprili 2024, karibu na Mai Mahiu, kalvati (njia ya maji) iliyo chini ya tuta la reli ya zamani ilizibwa na tope na miti, maji yakajikusanya nyuma yake kama bwawa, kisha yakapasua usiku na kuwasomba watu. Kwa hiyo daraja jipya likija, uliza mambo mawili. La kwanza: nafasi kati ya maji ya mafuriko na tumbo la daraja ni kiasi gani? Isipungue sentimita 60, na pale penye miti na taka mita 1 ni bora. La pili: ni nani mwenye kazi ya kuondoa taka kwenye nguzo na kalvati kabla ya mvua za Machi, na bajeti yake iko wapi?

Njia ya kando ya mto mtaani kwetu ilizungushiwa ukuta wa gabioni, yale masanduku ya wavu wa waya yanayojazwa mawe. Mvua moja tu, ukuta ukalala. Wametuibia?
*Kikundi cha vijana, Korogocho*

Huenda, ila wizi wa gabioni unaweza kuhesabiwa, basi hesabuni. Sanduku la kawaida ni mita 2 kwa 1 kwa 1. Likijazwa vizuri linameza tani 3.4 hivi za mawe, yaani lori la tani 7 linajaza masanduku mawili tu. Safu moja ya mita 50 ni masanduku 25, tani 85, malori 12 na kidogo. Mkiona malori matano, mnajua ndani kuna nini: mawe mazuri usoni, udongo na vifusi nyuma.

Mawe yenyewe yawe na pembe, kati ya sentimita 10 na 25, makubwa kuliko tundu la wavu, ambalo kwa kawaida ni milimita 80 kwa 100. Yapangwe kwa mkono. Wilbaro ikimwaga mawe kutoka juu, yanaacha mapengo, na wiki chache baadaye sanduku linakaa kama gunia lililofunguliwa. Kila theluthi ya kimo, yaani kila sentimita 33, nyaya za ndani zifunge uso wa mbele na wa nyuma. Bila hizo uso unatoa kitambi. Waya uwe umepakwa zinki na kuvikwa plastiki, kwa sababu maji ya mito yetu yana taka za viwandani zinazokula zinki tupu.

Hata hivyo, ukuta uliolala mzima mzima baada ya mvua moja haukushindwa kwa mawe. Ulishindwa kwa mguu. Ama safu ya chini ilikalia tope bila kuchimbiwa, ama hapakuwa na godoro la gabioni mbele yake, lile jembamba linalotandazwa kwenye sakafu ya mto. Godoro hilo lina kazi moja: maji yakichimba, linajikunja na kuteremkia shimoni, na ukuta unabaki juu. Urefu wake uwe angalau mara mbili ya kina mnachotarajia kuchimbwa. Angalieni pia nyuma ya ukuta. Pasipokuwa na kitambaa cha kuchujia, udongo unapita kati ya mawe kidogo kidogo na njia juu yake inatoboka, ukuta ukiwa bado umesimama.

Neno moja kwa wanaopanga: ukuta usiingie mtoni ili kupata njia pana. Mto wa mita 12 ukipokonywa mita 1 kila upande umepoteza sehemu ya sita ya nafasi yake, na maji hayo yatapita kwa jirani. Sisi tungependelea njia iliyo chini kidogo, inayoruhusiwa kulowa mara moja kila miaka miwili mitatu na kuoshwa kwa mpira wa maji, kuliko iliyoinuliwa juu ya ukuta mrefu unaobana mto. Taa na nyaya ndizo zikae juu ya alama ya mafuriko.

Kabro (matofali ya kutandika njia) zimevimba katikati na kuzama pembeni kabla ya mwaka kwisha. Mbovu?
*Msomaji, South C*

Kabro hazina kosa. Chini yake kuna ule udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kuvimba masika. Uondolewe kwa kina cha sentimita 60 hadi 90, kisha pajazwe maramu kwa matabaka ya sentimita 15, kila moja likilowanishwa na kushindiliwa peke yake. Juu yake mawe yaliyovunjwa sentimita 15, mchanga sentimita 3 au 4, kisha kabro. Unene wa milimita 60 unatosha watu na baiskeli. Pale gari la wagonjwa litakapoingia weka 80. Kwa matofali ya sentimita 20 kwa 10 unahitaji 50 kwa kila mita mraba, kwa hiyo njia ya mita 3 kwa 100 ni 15,000.

Mchanga usizidi hapo. Fundi anayesawazisha mashimo ya maramu kwa mchanga wa sentimita 10 ndiye anayekuzamishia njia. Mteremko wa upande uwe sentimita 6 kwa upana wa mita 3, ukielekea mtoni, na vijiwe vya pembeni vikae kwenye saruji. Vikilegea, kabro zote zinafunguka kama shanga.

Wanakata daraja kuukuu kwa gesi karibu na nyumba. Moshi wake una madhara?
*Mpangaji, Makadara*

Ndiyo. Rangi ya chini ya madaraja ya zamani, ile nyekundu, mara nyingi ina madini ya risasi, na moto wa gesi huigeuza mvuke. Rangi inapaswa kukwanguliwa sentimita 10 hadi 15 kila upande wa mstari wa kukatwa, kwa njia isiyotimua vumbi, na magamba yakusanywe kwenye turubai. Watoto na wajawazito wasikae upande upepo unakoelekea. Magamba yaliyoanguka msiyafagie makavu, yalowesheni kwanza. Ng'ombe na mbuzi wasilishe nyasi za hapo mpaka udongo wa juu uondolewe.

Mimi hutumia kiti cha magurudumu. Waliweka vizuizi vya boda kwenye njia, sasa siingii mimi, boda zinaingia.
*Msomaji, Ngara*

Kiti chako kinahitaji nafasi ya sentimita 90. Usukani wa boda una sentimita 75 hadi 80. Hakuna nafasi itakayokupitisha wewe na kumzuia yeye, na anayeahidi hivyo hajapima. Vizuizi viachane mita 1.2, visiwe vya bomba la chuma, maana vyuma hung'olewa kwenda kuuzwa. Serikali ilipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu kwa miezi kadhaa mwaka 2022 baada ya miundombinu kuibwa, na soko likarudi. Nguzo fupi za saruji hazina mnunuzi.

Boda huzuiliwa na mchoro wa njia. Njia ikiunganisha barabara mbili kwa mkato, boda zitapita hata uweke askari. Ikipindapinda na kuishia kwenye vijia vya mitaani, hazioni faida. Mteremko kwenye kila mlango usizidi sentimita 1 kwa kila sentimita 12, na kila baada ya mita 9 hivi pawe na pahali bapa pa kupumzikia. Pale ukingo unapoanguka kuelekea mtoni, reli ya mkono ifike mita 1.1, na mianya yake isizidi sentimita 10 ili kichwa cha mtoto kisipite.